Nikifuta kuki, mwenye akaunti atajua? Naombeni ushauri wa haraka

Njiapanda: Wakuu habari. Kuna akaunti ya baruapepe imebaki wazi kwenye kompyuta yangu, kila nikiwasha inaingia yenyewe, haiombi paswedi. Nasikia ni mambo ya kuki. Nikizifuta mwenyewe ataona? Sina amani kabisa.

Fundi Waya: Tovuti haikumbuki mtu, kila ukurasa unaofungua kwake wewe ni mgeni. Ndo maana 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya brauza (programu ya kufungulia tovuti), akaleta kuki: ukishalogini unapewa namba ndefu, brauza inaitunza na kuirudisha kila unapofungua ukurasa, kama kile kitambulisho unachopewa getini. Kuna zinazokufa ukifunga brauza na kuna zenye tarehe ya mwisho, hata miezi. Ukizifuta unafuta kwako tu, seva, yaani kompyuta ya hiyo tovuti, bado inakumbuka kwamba kuna mtu aliingia. Dawa ni kulogauti. Ila "mwenyewe" ni nani?

MamaPacha: Mi kuki ziliniudhi jamani, niliangalia magodoro mara moja tu yakanifuata kila tovuti mpaka nikaogopa. Kumbe kampuni moja ya matangazo imejipachika kwenye tovuti kibao, inakuona kote na kuki yake ileile. Brauza ya Safari, ile ya Apple, walizizuia hizo 2020, nikahamia huko.

Njiapanda: Mi nimeuliza kuki tu.

Fundi Waya: Jibu swali mkuu.

Njiapanda: Haya. Ni ya mchumba wangu. Aliazima kompyuta akasahau kutoka. Nimesoma kiasi. Sijavunja kitu, imefunguka yenyewe, na ndoa iko karibu, nina haki ya kujua naoa nani. Juzi alisema kabadili paswedi lakini mpaka sasa barua zake naziona.

Mzee Baraka: Mwanangu, mlango kuwa wazi sio ruhusa ya kuingia. Una shaka naye, muulize yeye.

Kiroboto: Chai hii. Huduma kubwa za baruapepe ukibadili paswedi wanakata walioingia kwingine, kuki yako haina kazi tena. Umetunga.

Njiapanda: Nitunge jambo la aibu hivi ili iweje?

Fundi Waya: Kiroboto usikimbilie huko, kuna tovuti hazikati. Njiapanda, tangu juzi umewahi kuufunga huo ukurasa?

Njiapanda: Hapana, nauacha wazi, naogopa nikifunga nitaipoteza.

Fundi Waya: Basi unachosoma ni kilichopakuliwa zamani. Rifreshi.

Njiapanda: Imeomba paswedi.

Kiroboto: Duh. Nafuta kauli.

MamaPacha: Sasa kwa nini alibadili ghafla?

Fundi Waya: Kwenye sehemu ya usalama wa akaunti kuna orodha ya vifaa vilivyologini, na aina ya kompyuta na mara ya mwisho ilipotumika. Akiifungua anakuona. Mkuu mpigie leo, umwambie wewe kabla hajakuuliza.

Njiapanda: Anapiga sasa hivi.