Re: Usiku wa sinema: kaunsili wanadai daraja la umri

Kutoka: Katibu

Wapendwa, habari za Jumapili.

Kupendekeza filamu kuendelee, ila someni hili kwanza. Ofisi ya leseni ya kaunsili ya hapa Uingereza wamenijibu. Wanasema ule msamaha wa 2015 wa maonyesho ya kijamii (ukumbi wa kanisa, bila faida, watu wasiozidi 500, kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku) tunaupata. Lakini kwa kuwa watoto watakuwepo, kila filamu lazima iwe na daraja la BBFC (bodi ya hapa inayosema filamu inafaa watu wa umri gani), au wao wenyewe waipe daraja.

Zinazoongoza mpaka sasa ni Vuta N'Kuvute na Nairobi Half Life, halafu "ya Kanumba", ambayo walioipendekeza hawajakubaliana ni ipi. Aliyewahi kuiombea filamu ya Kiswahili daraja kwenye kaunsili tafadhali aniambie: wanaitazama yote? Isiyo na maandishi ya Kiingereza chini wanaipokea? Wanachukua muda gani? Ukumbi nimeshautolea arubuni.

Katibu

---

Kutoka: Baba Asha

Katibu unajitesa bure. Kuna TEN, ile notisi ya kuijulisha kaunsili shughuli ya muda. Jaza TEN mtandaoni, pauni 21, kwisha. Harusi ya binti yangu nilijaza TEN, muziki mpaka saa saba usiku, hakuna aliyeniuliza daraja la kitu chochote. Shida pekee ni jirani aliyewapigia simu watu wa kelele, wakaja maharusi wanakata keki. Afisa akapewa sahani ya pilau, akala amesimama, akaandika ripoti yake, akaenda zake.

Kura yangu: Oprah ya Kanumba na Ray.

---

Kutoka: Shangazi

> Jaza TEN mtandaoni, pauni 21, kwisha

Baba Asha, harusi si sinema. Na usimdanganye mtoto wa watu. TEN ni siku kumi za kazi kabla ya shughuli. Siku inayopokelewa haihesabiwi, siku ya shughuli haihesabiwi, na bank holiday nayo haimo. Ipo ya kuchelewa, ya siku tano mpaka tisa, lakini hiyo polisi au hao watu wako wa kelele wakiipinga tu imekufa hapo hapo, hakuna kikao cha kujitetea. Kikundi chetu cha akina mama yalitufika hayo wakati wa Iddi. Chakula kimeshapikwa, ukumbi umefungwa, tukala biriani ndani ya magari kwenye maegesho, madirisha yamejaa mvuke.

Kuhusu daraja sijui, sijawahi kuomba.

---

Kutoka: Mtu wa Glasgow

Sisi huku tumeonyesha filamu mara nyingi tu, hatujawahi kuombwa TEN wala nini. Nadhani huyo ofisa wenu anawatisha.

---

Kutoka: Shangazi

Mdogo wangu, wewe uko Uskoti. TEN imo kwenye Licensing Act 2003, na hiyo ni ya Uingereza na Wales. Kwenu kuna mambo yenu. Kila mara unaingia na "sisi huku", watu wanafuata, wanaumia.

---

Kutoka: Mla Urojo

Shikamooni wakubwa zangu, na marahaba kwa wadogo.

Mimi napendekeza Awara. Najua mtasema si ya Kiswahili. Lakini nani wa umri wangu hapa, awe wa Unguja, Tanga, Mombasa au Dar, hakuimba "Awara Hoon" bila kujua neno hata moja la Kihindi? Raj Kapoor na Nargis. Picha ya 1951, na sisi tuliiona miaka mingi baadaye, maana ilikuwa inarudishwa na kurudishwa, na kila ikirudi watu wanajaa. Sinema ya Majestic pale Vuga, Unguja, Jumapili, walanguzi wa tiketi wamesimama nje, akina mama wananukia asmini na udi, ndani watu wanalia kwa sauti bila haya. Babu mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anawaeleza wenzake kinachosemwa. Hakujua Kihindi, lakini hadithi yake ilikuwa nzuri kuliko ya sinema yenyewe.

Jengo lenyewe lilijengwa upya 1955 baada ya sinema ya Royal kuungua. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilisimama nje nikatazama tu, paa limeshaporomoka. Watu wamehangaika miaka kutafuta fedha za kulitengeneza. Ngome Kongwe angalau tuna ZIFF, tamasha la filamu, tangu 1998, lakini tamasha la wiki moja si sawa na mtu kwenda sinema kila Jumapili na mkewe.

---

Kutoka: Mwana wa Kaloleni

Mzee shikamoo. Nimependa sana hiyo story ya babu. Lakini tulikubaliana filamu iwe na Kiswahili ndani, na Awara ni ndefu mno. Mwenye ukumbi atatufungia taa.

Mimi bado niko na Nairobi Half Life. Ile scene ya mwanzo, Mwas anauza DVD kijijini huku anaigiza zile sinema zenyewe ndiyo watu wanunue, hiyo pekee yatosha. Halafu anashuka Nairobi na siku hiyo hiyo anaporwa kila kitu. Nani hapa hakuporwa siku ya kwanza mahali? Na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kupeleka Oscars, 2012. Ya watoto si hii lakini, wacha niseme ukweli. Watoto muwawekee Supa Modo, kasichana kagonjwa kanataka kuwa shujaa wa sinema, kijiji kizima kinamsaidia. Mje na leso.

---

Kutoka: Denge Junior

Na Vuta N'Kuvute ndiyo ya kwanza Tanzania kupeleka Oscar. Kura yangu hapo, mazungumzo yaishe.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu

Si kweli. Maangamizi, 2001, Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba ndani yake. Hiyo ndiyo iliyotangulia. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji imekuja miaka ishirini na zaidi baadaye. Vijana mnapenda neno "ya kwanza" kabla ya kuuliza wakubwa.

Hata hivyo naiunga mkono Vuta N'Kuvute, kwa ajili ya Adam Shafi aliyeandika riwaya yake na kwa ajili ya picha zake. Mji Mkongwe umepigwa kwa mapenzi, kila ukuta unaonekana umeguswa kwa mkono. Na mtaona kichekesho chake: Denge na wenzake wanahatarisha shingo zao kumpinga Mwingereza miaka ya hamsini, nasi tunaandika barua pepe kwa Mwingereza atupe ruhusa ya kuionyesha.

---

Kutoka: Mla Urojo

Mwalimu hapo umenena. Na hao akina Denge baadaye walitendewa nini na wenzao, filamu haifiki huko. Inaishia pazuri.

---

Kutoka: Shangazi

Msianze. Tafadhali. Mara ya mwisho yalipoanza ya Mapinduzi ya 64 watu watatu walijitoa kwenye orodha hii na mmoja alikuwa ndiye mweka hazina.

---

Kutoka: Baba Asha

Hakuna aliyesema lolote kuhusu Oprah. Kanumba amekufa Aprili 2012 na Dar yote ilisimama, mliona wenyewe Leaders Club. Leo mnataka filamu za matamasha tu, zile za watu kukaa kimya wakitazama bahari. Bongo Movie ndiyo iliyotulea huku ugenini. Mke wangu alikuwa anatumiwa DVD kutoka Kariakoo ndani ya mabegi ya dagaa.

---

Kutoka: Mpiga Fomu

Baba Asha, tatizo la Bongo Movie si ladha, ni hakimiliki. Daraja la umri ni jambo moja, ruhusa ya mwenye filamu ni jambo lingine, na huo msamaha wa 2015 haugusi hakimiliki hata kidogo. Filamu za studio kubwa unakwenda Filmbank, unalipia leseni ya onyesho moja. Filamu zetu unamwandikia mwenye haki mwenyewe. Sasa ya Kanumba mwenye haki nani? Wengi wa wakati ule waliuza haki moja kwa moja kwa wasambazaji. Utamwandikia nani? Kumiliki DVD si ruhusa ya kuionyesha ukumbini, msinijibu hilo.

Na kabla mtu hajauliza: TV Licence, ile leseni ya kutazama televisheni, haihusiki.

---

Kutoka: Mtu wa Glasgow

Nilikuwa nataka kuuliza hiyo ya TV Licence.

---

Kutoka: Dada wa Zamu ya Usiku

Jamani, hakuna anayekumbuka Bongoland ya Josiah Kibira? Ya 2003, kule Minnesota, jamaa hana makaratasi anahangaika na kazi. Niliitazama nikiwa na miezi michache hapa, baada ya zamu, kwenye kompyuta ya kuazima, nikajiona mwenyewe. Picha imechoka, sauti inakuja na kuondoka, lakini hakuna filamu nyingine iliyonieleza hivyo. Kura yangu hiyo.

Na kwa habari ya makaratasi: mwenye BRP ya zamani mfukoni, ile kadi ya ukaazi, imeshakufa, fungueni akaunti ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) mpate eVisa, viza ya mtandaoni, na muoanishe pasi mpya mkibadilisha. Dada yangu alirudi likizo, yule wa kaunta ya uwanja wa ndege hakujua share code, ile namba ya kuthibitisha eVisa, ni nini. Alimtoa pembeni mpaka ndege imeanza kuita majina.

---

Kutoka: Mwana wa Kaloleni

Pole sana kwa sista. Hiyo ndiyo sababu mimi nilichukua pasi ya hapa na ya Kenya nikabaki nayo. Katiba ya 2010, asante.

---

Kutoka: Baba Asha

Ndiyo, tukumbusheni kila wiki. Sisi wenzenu Watanzania, badala ya uraia pacha, tunaambiwa hadhi maalumu. Nimezaliwa Kilosa, nimezika wazazi Kilosa, halafu niende nyumbani na hadhi maalumu kama balozi wa Norway.

---

Kutoka: Katibu

Ndugu zangu. Nimesoma yote. Naomba kurudi kwenye swali: daraja la kaunsili, nani amewahi kuomba? Wanataka maandishi ya Kiingereza au hapana?

---

Kutoka: Denge Junior

Katibu weka 18+ mlangoni, watoto wabaki nyumbani, mambo ya daraja yaishe.

---

Kutoka: Shangazi

Wabaki nyumbani na nani? Wazazi wote wako ukumbini. Na usiku wenyewe tuliuanzisha ili watoto wasikie Kiswahili kinachozungumzwa na watu wazuri kwenye skrini, wasidhani ni lugha ya kugombezwa jikoni.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu

Kama shida ni kuwatafsiria maofisa, angekuwepo marehemu Lufufu tungempeleka pale kaunsili na maikrofoni yake. Alikuwa anazitafsiri picha za Wachina kwenye vibanda umiza, anaongeza majina ya mitaa ya Dar humo humo, na hakuna aliyelalamika. Ofisa angetoka pale anajua Manzese yote.

---

Kutoka: Mpiga Fomu

Katibu, kaunsili zinatofautiana. Wapigie simu.

---

Kutoka: Katibu

Ndio hao waliosema niwaandikie.

Kura: Vuta N'Kuvute 9, Nairobi Half Life 7, Oprah 4 (Baba Asha amepiga mbili, nimehesabu moja), Supa Modo 4, Bongoland 3, Maangamizi 2, Awara 1. Mwisho ni Ijumaa.

---

Kutoka: Mla Urojo

Awara 2, mke wangu hana barua pepe. Na projekta nani analeta safari hii? Ile ya mwisho watu wote walikuwa wa kijani.