Ushauri: mefedroni na MDPV ni kundi moja, mbona hazitendi kazi sawa?

Mwanafunzi wa famasia: Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu kathinoni za maabara, yaani vichangamshi vilivyoundwa kwa kuiga kathinoni iliyomo kwenye miraa. Nilikusudia kuzieleza zote kwa pamoja, kwa kuwa umbo lake ni la amfetamini, kichangamshi kingine, iliyoongezewa ketoni (kaboni iliyoshikana na oksijeni), lakini maelezo ya mefedroni na ya MDPV, mbili kati ya kathinoni hizo, hayalingani hata kidogo. Nizipange vipi?

Mfamasia Mkongwe: Umbo liache kwanza, ndugu, anza na protini zinazorudisha dopamini, noradrenalini na serotonini, yaani kemikali ambazo neva hupashana habari kwazo, ndani ya neva. Mefedroni hubebwa na protini hizo kana kwamba ni mzigo wake halali, na ikishaingia huzigeuza mwelekeo, hata kemikali zilizohifadhiwa ndani zikamwagwa nje. MDPV haibebwi: hukaa mlangoni ikaziba, na dopamini iliyokwisha kutolewa ikakosa pa kurudi. Tena nguvu yake iko kwenye dopamini na noradrenalini, ilhali serotonini huigusa kidogo sana. Ndiyo maana panya wa maabara, wanaobonyeza kitufe ili wapate dawa, huing'ang'ania MDPV kuliko mefedroni.

Muuguzi wa Dharura: Hayo ni sahihi, ila usiishie kwenye neva. Mgonjwa aliyezitumia huweza kuletwa akiwa na joto kali, moyo unakwenda mbio, hatulii, na misuli inavunjika kiasi cha kudhuru figo, kisha kipimo cha kawaida cha amfetamini kwenye mkojo kikasoma hasi, kwa sababu kingamwili zake hazizitambui kathinoni nyingi. Dawa mahususi ya kuondoa sumu hiyo hakuna. Tunamtuliza kwa benzodiazepini, tunampooza mwili haraka na kumpa maji kwa mshipa.

Mwanafunzi wa famasia: Nashukuru sana. Na bupropioni je? Nimeikuta kwenye orodha ya kathinoni, nikadhani ni kosa la uchapaji.

Mfamasia Mkongwe: Si kosa. Kwa umbo ni kathinoni kamili, nayo huziba njia za dopamini na noradrenalini, ila kwa unyonge, hivyo madaktari huiandika kwa sonona na kwa wanaoacha sigara. Mwulize muuguzi wetu: kipimo kilekile kinachoikosa MDPV huweza kumsoma mtumiaji wa bupropioni kuwa ametumia amfetamini.