Nyimbo za mapenzi za kusikiliza usiku wa kipupwe hapa Dodoma

Mgeni wa Ilazo ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nimekulia Tanga, ambako hata mwezi wa Julai mtu hulala na dirisha wazi, na huu ndio mwaka wangu wa kwanza kukipitisha kipupwe hapa Dodoma. Sikudhani kwamba mji unaosimuliwa kila siku kwa ukame na vumbi lake ungenifanya nivae sweta mbili na soksi ndani ya nyumba saa mbili ya usiku. Mimi na mume wangu tumejiwekea desturi: tukishakula tunazima televisheni, tunajifunika blanketi moja kwenye kochi, kisha tunasikiliza muziki kwa spika ndogo iliyowekwa dirishani. Tatizo ni kwamba nyimbo tulizo nazo zote ni za kuchezea harusini. Ukifika wimbo wa pili, mume wangu ananyanyuka kucheza, blanketi linaanguka na baridi inarudi palepale. Naomba mnitajie nyimbo za mapenzi za taratibu, zinazowafaa watu waliokaa. Taarab msinitajie, mipasho nimeikimbia hukohuko kwetu.

Mkazi wa Chamwino amejibu:

Dada, karibu Dodoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa mbingu huwa haina mawingu ya kulizuia joto, ardhi hupoa upesi mara jua linapozama. Ndiyo maana usiku unaweza kukuta nyuzi 13 au 14 ilhali mchana ulitembea bila sweta. Hata hivyo, kwa mtu anayesikiliza muziki, adui mkubwa ni upepo. Upepo wa kusini-mashariki ukianza kuyachezea mabati, wimbo unaotegemea besi na ngoma humezwa wote katika spika ndogo, na kinachobaki ni sauti ya mwimbaji na gitaa la solo. Mimi huchagua nyimbo za kipupwe kwa kigezo hicho tu.

Kwa hiyo anza na dansi la zamani, hasa la jirani zetu wa Morogoro: Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, aliyefariki mwaka 1965, kisha Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979. Santuri ndogo za enzi hizo zilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi upande wa kwanza mwimbaji alibembeleza kwa utulivu, halafu upande wa pili magitaa yakachachamaa. Wewe sikiliza kipande cha kwanza, kisha rudi mwanzo kabla bwana hajasimama. Ongeza na "Georgina" ya Marijani Rajab alipokuwa na Safari Trippers. Nyimbo za siku hizi sizikatai, ila nyingi naona zimetengenezwa kwa ajili ya spika kubwa na watu wengi.

Binti wa Area C amejibu:

Kaka, umewezaje kuiruka "Malaika"? Fadhili William wa Kenya aliirekodi, Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaifikisha mbali, na ugomvi wa nani hasa aliyeitunga umedumu miaka mingi. Watu huipokea kama bembelezo, lakini anayeimba mle ni kijana aliyekwama: binti anampenda, mali ya kumwolea hana. Huku Ugogoni, ambako mahari huzungumzwa kwa ng'ombe na familia nyingi husubiri mavuno ndipo zipange harusi, maneno hayo huwafikia watu wakiwa katikati ya hesabu zenyewe, kwa sababu kipupwe ndiyo miezi ya mavuno.

Dada, jambo moja nje ya muziki: baridi isiwashawishi kuingiza jiko la mkaa chumbani mkiwa mmefunga madirisha. Hewa yake inaua, nayo haina harufu ya kukuonya.

Mstaafu wa Reli amejibu:

Mwanangu, usiitupe taarab yote kwa kosa la mipasho. Ni hiyohiyo Tanga yenu iliyotupa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na ndiko alikovuma Shakila, aliyefariki mwaka 2016, ambaye aliimba uchungu wa mapenzi bila kumtukana jirani yeyote. Kisha isikilize kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab ya Zanzibar. Ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huzidonoa kwa kucha za bandia alizofunga kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili. Sauti yake ni nyembamba na kali, na hayo mabati anayoyalalamikia bwana wa Chamwino hayaiwezi.

Na kwa kuwa sasa wewe ni mtu wa huku, mtafute Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003. Zeze na ilimba zake, yaani ile ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, hazikutungiwa wapenzi wa kwenye makochi, lakini usiku zinatuliza.

Mgeni wa Ilazo amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mzee wangu shikamoo. Jana tulijaribu. Tulianza na Shakila, na mume wangu, ambaye ni mtu wa Kondoa na hakuwahi kuipenda taarab, aliniuliza maana ya fumbo moja, nikamweleza, akauliza la pili. Ilipofika "Malaika" alinyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba nyumbani kwetu bado anadaiwa sehemu ya mahari, nami nikamthibitishia kuwa wazazi hawajasahau. Kaka wa Chamwino, upande wa pili wa santuri ulinipita kwa kuchelewa kubonyeza, naye akasimama kama ulivyotabiri, ila safari hii alisimama na blanketi lote.