Mgao wa maji: wenye mota wanavuta yote, wa ndoo tunaambiwa tuvumilie

Wakuu, nimechoka. Mods, uzi huu msiuunganishe na zile za "maji hakuna". Mimi nalalamikia yanavyogawanywa yakiwepo.

Kina cha Mto Ruvu, tunakotolea maji, kikishuka, Dar nzima inajua kinachofuata, Oktoba 2022 tuliyaona. Ratiba inatolewa: eneo hili leo, lile kesho, kila mtu na zamu yake. Kwenye karatasi haki tupu. Sasa njoo mtaani usiku wa zamu. Maji yakianza tu kutoka, mota zinanguruma, zimeungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na kila mtu anajua ni kosa. Simtank la lita 5,000 linajaa, la juu ya ghorofa linajaa, yanayobaki yanamwagiliwa maua (maua, wakuu!). Nyumba za mwisho wa laini bomba linapuliza upepo, na mita inazunguka. Tunalipia upepo.

Kukikucha jirani yuleyule anafungua biashara. Dumu la lita 20, shilingi 500. Pigeni hesabu: uniti moja ni lita 1,000, madumu 50, elfu 25. Bili ya bomba kwa uniti hiyohiyo haifiki hata robo ya hapo. Yaani mama ntilie na mpangaji wa chumba kimoja ndio wanaokunywa maji ya bei mbaya kuliko mwenye ghorofa.

Msiniletee habari za bwawa la Kidunda kule Mto Ruvu. Bwawa la lita bilioni 190 nalitaka kama mnavyolitaka, lakini halizimi mota ya mtu.

Na nyie wa "si ununue mota na wewe": haya, tununue wote, tuwashe wote usiku mmoja. Nani atapata?

Kama maji ni machache, vali za mwanzo wa laini zifungwe kwanza mpaka wa mwisho wa laini wapate presha. Vioski vya maji vipate kabla ya matanki ya watu. Anayekutwa na mota kwenye bomba la mtaa akatwe, geti lake liwe kubwa kiasi gani. Na viongozi wa mtaa wasijifanye hawazijui hizo nyumba, ngurumo wanazisikia kama sisi.

Wa Kimara, Mbezi, Goba, niambieni: huko kwenu alishawahi kukatwa hata mmoja?