Magunia, majaruba au kukodi mbugani: kipi kitatulisha mboga mwaka mzima hapa Tabora?

Baba Tatu (Ipuli, Tabora)
Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Tuko watu sita nyumbani. Mboga ya usiku peke yake inanitoa elfu mbili, na ikifika Septemba lile fungu la mchicha limesinyaa hadi unaona aibu kulibeba. Nimeapa mwaka huu mboga itoke uani.

Kichwani nina njia tatu. Ya kwanza magunia kumi karibu na mlango wa jiko. Ya pili majaruba, yaani vitalu vya kuzamisha chini badala ya kuinua matuta. Ya tatu kukodi kipande mbugani, yaani kule bondeni kwenye udongo mweusi, jirani zangu wanakolima nyanya kiangazi. Uani kuna mwembe mkubwa alioupanda marehemu babu, huo siukati. Maji ni ya bomba, hayatoki kila siku. Naomba aseme aliyelima akala, siyo aliyeona kwenye video.

Mama Pendo
Baba Tatu, mimi nilianza na magunia. Mwaka wa kwanza nilitamba mtaa mzima. Unaweka kopo lisilo na kitako katikati, unalijaza kokoto, pembeni unashindilia udongo na samadi iliyooza, unalivuta kopo juu kidogo kidogo mpaka nguzo ya kokoto ifike mdomoni. Halafu unatoboa ubavu na kuchomeka miche ya sukuma wiki.

Ya juu ilistawi. Ya matundu ya chini ilikauka kila mara, kwa sababu maji niliyamimina kwa pupa yakashuka moja kwa moja kwenye kokoto na kutokea chini bila kulowesha udongo wa pembeni. Mwaka wa pili jua lilikuwa limeshalila gunia, siku moja narudi sokoni nakuta limepasuka ubavu, udongo wote chini na kuku wanashangilia. Gunia ni zuri kwa mwenye chumba na kibaraza. Wewe mwenye ua, gunia mbili za kitunguu cha majani na figiri zinakutosha.

Jembe la Mkono (Nzega)
Mbugani nimelima miaka minne, nisikudanganye, Juni mpaka Septemba unavuna hadi unagawa. Udongo mweusi unashika unyevu, kisima unachimba kwa jembe tu. Lakini Oktoba kisima kimekuwa tope, na mvua za Novemba zikianza kipande kizima ni bwawa. Kwa hiyo "mwaka mzima" haipo. Na ng'ombe! Kiangazi malisho yameisha, wanaona kijani chako tangu mbali. Usipozungusha miiba unalima kwa niaba yao. Halafu ni mwendo, na mboga iliyo mbali hailiwi kila siku, mama watoto hawezi kwenda mbugani kuchuma majani ya jioni.

Fundi Mabati
Mkuu, swali lako siyo gunia wala jaruba. Ni maji ya Mei mpaka Oktoba. Piga hesabu na mimi. Mita za mraba 10 za mchicha na chainizi kwenye jua letu zinataka kama lita 50 kwa siku, ndoo mbili na nusu. Miezi sita hiyo ni zaidi ya lita 9,000.

Sasa tazama bati lako. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 8, na Tabora mwaka wa kawaida tunapata milimita 900 hivi: zaidi ya lita 57,000 zinapita juu ya kichwa chako na kwenda mtaroni. Weka mfereji na tanki la lita 5,000. Likijaa Aprili, funga koki. Tumia bomba mpaka katikati ya Julai, ndipo ulifungue. Linakuvusha siku 100, unaifikia Oktoba mwishoni.

Na kwa maji hayo jaruba linalishinda tuta. Tuta kwenye mchanga wetu ni kama kichungi cha chai. Jaruba lichimbe shubiri moja, tia samadi, funika na majani makavu. Mchwa watakuja kwenye hayo majani, ndiyo Tabora hiyo, unaongeza mengine.

Mzee wa Ujiji
Marahaba wanangu. Mnahangaika na mchicha kama vile hakuna mboga nyingine. Mchicha, ambao huku tunauita lengalenga, wiki nne umekwisha, unaanza upya. Mwenye kutaka mboga mwaka mzima hupanda kitu kinachokaa. Mimi uani nina mihogo sita ya kisamvu, sisi tunasema sombe, na matembele yaliyotambaa pale maji ya kuogea yanapotokea. Mbegu sinunui. Mke wangu anachuma, anatwanga, anatia mawese na dagaa, tumeshiba. Ila sombe ipikwe muda mrefu, isiliwe mbichimbichi, ina sumu.

Huo mwembe usiukate, lakini usilime chini yake. Mboga nyingi zinataka jua la muda wa saa sita kwa siku. Lima upande linapochomoza.

Dada wa Sikonge
Shikamoo mzee. Naongeza nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, maana naona wote mmeruka. Januari na Februari majani ya kunde yanatupwa. Chuma machanga, chemsha kidogo tu yalegee, anika kivulini juu ya chandarua safi mpaka yavunjike ukiyakunja. Ukianika juani yanapauka na vitamini A inapotea. Funga vizuri, weka pakavu. Oktoba unaloweka, unapika na karanga. Bibi zetu kiangazi hawakumwagilia hata tone na walikula mboga.

Jambo jingine, nyanya usipande palipokuwa na kitalu cha tumbaku, minyoo fundo wa kwenye mizizi wale wale wanahamia. Na ukitoka kushika tumbaku nawa kwa sabuni kabla ya kugusa mche wa nyanya, kuna ugonjwa wa majani kuwa na mabaka unaohama kwa mikono. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ndiye simzungumzii, alishanitoa kwenye nyanya kabisa. Napanda nyanya chungu na bamia, nalala.

Mama Pendo
Dada umenikumbusha. Sisi jaruba la mita za mraba 10 hutupa mboga siku nne za wiki. Shirika la Afya Duniani linataka gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kwa siku, watu sita ni kilo 2.4. Kwa hiyo Baba Tatu usimwahidi mkeo kwamba sokoni haendi tena. Ahidi nusu.

Baba Tatu
Nusu nimeahidi, kacheka. Mbugani siendi. Nachimba majaruba mawili upande wa mashariki, mihogo sita ukutani, matembele nyuma ya bafu, kunde kwenye mvua za kwanza. Tanki la lita 5,000 bado mfuko haujakubali, naanza na mapipa matatu chini ya mfereji. Desemba na embe zitujazie hizo gramu.

Fundi, mfereji wa bati nitengenezewe au wa plastiki? Na nani yuko karibu na Ipuli mwenye mashina ya matembele? Nakuja na baiskeli Jumamosi.

Mama Pendo
Njoo kwangu Isevya asubuhi kabla jua halijawa kali. Lete gunia lililoloweshwa kidogo la kufungia mashina. Lile lililopasuka ninalo, ukitaka.