Saini ya mzazi inatosha kumtumia mtoto katika sanaa?

Lenzi: Wakuu, mimi ni mpiga picha na naomba tusitukanane. Mtoto mdogo hawezi kutoa ridhaa, hilo halina ubishi. Sasa mzazi akisaini, na kazi yenyewe ni ya heshima, sheria inatafuta nini tena hapo? Tukiendelea hivi filamu na picha zote zitabaki na watu wazima watupu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuwa mtoto.

Mama_Watatu: Mzazi anasaini kwa niaba ya mtu ambaye bado hajamjua. Nina watatu na siwezi kuapa watajionaje wakifika miaka thelathini. Yule mtoto mchanga aliyepigwa picha uchi majini kwa jalada la albamu ya bendi ya Nirvana, 1991, wazazi walipewa dola 200. Amekua, akaenda mahakamani.

Kisu_Butu: Akashindwa. Tena ukubwani aliirudia picha ile ile majini, kwa hiari yake, na si mara moja. Tafuta mfano mwingine.

Mama_Watatu: Kesi ilitupwa 2022, rufaa ikairudisha 2023. Usisome nusu.

Kisu_Butu: Na 2025 ikatupwa tena. Malizia wewe hiyo nusu.

Mama_Watatu: Sawa, imetupwa. Bado mtu kupiga picha akiwa mkubwa hakumpi ridhaa yule wa miezi minne.

Kisu_Butu: Mwenye mtoto ndiye mwenye uchungu naye. Ambao hawajazaa wangetuachia huu mjadala, maana wao ndio wenye kelele kuliko wote.

Shangazi_Mkubwa: Nilikuwa napita tu. Sijazaa. Nimelea wanne wa marehemu dada yangu, wa mwisho nilimpokea hajui kutambaa. Hebu nieleze, kaka, huo uchungu unagawiwa leba peke yake?

Kisu_Butu: Sikukutaja wewe dada.

Shangazi_Mkubwa: Ulisema ambao hawajazaa. Nikajikuta nimo.

Popo: Na Jackie Coogan je? Mtoto wa filamu za kimya, yule aliyecheza na Chaplin. Alivuna mamilioni, kufika utu uzima akakuta mama mzazi na baba wa kambo wameyatafuna. Huyo mama si alikwenda leba?

Shangazi_Mkubwa: 😂 Popo, keti karibu yangu.

Lenzi: Jamani, hilo ni suala la pesa. Lilizaa sheria ya California ya 1939, ya kumwekea mtoto msanii sehemu ya mapato yake. Sheria ile iligusa mfuko, haikugusa uso. Mimi nauliza kuhusu uso.

Popo: Basi nenda Ufaransa, 2020. Wanaowarekodi watoto wa chini ya miaka 16 kwa biashara mtandaoni, pesa inafungiwa mpaka mtoto awe mtu mzima. Na mtoto mwenyewe anaweza kudai video ifutwe bila kumwomba mzazi. Huo ni uso, mkuu.

Kisu_Butu: Yaani mtoto wa miaka saba amfutie mama yake kazi? Huo ndio ulezi mnaoutaka?

Mama_Watatu: Umesema mwenyewe: kazi ya mama. Mimi nilidhani tunazungumzia sanaa.

Lenzi: Video inafutika. Picha niliyokwisha kuiuza, nikaingie sebuleni kwa mtu na kifutio?

Mama_Watatu: Ulipokuwa unaiuza ulijua hilo, na ukauza. Kuna Mkataba wa Haki za Mtoto, wa 1989, ibara ya 12: mtoto asikilizwe kwa jambo linalomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Wa miaka tisa ana mdomo. Uliwahi kumuuliza hata mmoja?

Lenzi: Namuuliza mzazi.

Mama_Watatu: Hilo nimeliona.

Lenzi: Na akisema ndiyo leo, kesho akanuna? Watoto wananuna hata kwa soksi.

Popo: Mkuu, na wewe unanuna hapa tangu asubuhi, na hakuna aliyekupiga picha.

Brashi: Naomba wachoraji mtutenge na hawa wapiga picha. Mtoto ninayemchora mimi hayupo popote duniani.

Kisu_Butu: Huyu naye katoka wapi? Una watoto?

Shangazi_Mkubwa: Umeanza tena. Swali langu la leba bado liko pale juu, kaka, sijaona jibu.