Mwandishi wa Ujiji aanzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, ninao mswada wa riwaya na wazo la filamu fupi kuhusu wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Je, ni lazima nihamie Dar es Salaam?

Jibu: Kwa mswada, hapana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, haibagui mkoa; subiri tangazo, kisha usome masharti kwa makini.

Jibu: Filamu ndiyo yenye urasimu. Muone afisa utamaduni wa wilaya kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kukodi kamera, na usipange kurekodi wakati wa mbalamwezi, kwani wavuvi wa taa, wanaovuta dagaa usiku kwa mwanga, hupumzika.

Jibu: Ikikamilika, iwasilishe kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar.